Kuongoza timu ya kriketi inayoshindwa mfululizo

Timu ikishapoteza mechi nne au tano mfululizo, kila mtu klabuni huwa na dawa yake. Mmoja anataka wafunguzi (wapigaji wawili wanaoanza) wabadilishwe, mwingine anasema vijana hawana moyo, wa tatu ana binamu yake anayerusha spini (mpira wa polepole unaozunguka). Nahodha akiwasikiliza wote, Jumapili inayofuata ataingia uwanjani na kikosi kisichojuana, kisha atashindwa vile vile alivyoshindwa wiki iliyopita. Mwongozo huu ni wa nahodha wa klabu, anayecheza ligi ya ova 20 au 50 (ova ni mipira sita) Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Kigali, asiye na kocha wa mshahara wala mtu wa kumchambulia video.

Ni nadra timu kushindwa mechi nzima. Hushindwa katika vipande vichache, na mara nyingi ni vile vile kila wiki. Kazi ya kwanza ya nahodha ni kuvijua vipande hivyo kwa hesabu, kabla hajamgusa mchezaji yeyote. Desemba 2020 India waliishia mikimbio 36 mjini Adelaide, Australia, alama ndogo kuliko zote katika historia yao ya mechi za Test (za siku tano). Lakini zamu ya kwanza ya mechi ile ile walikuwa wameongoza kwa mikimbio 53. Kilichowaangusha kilikuwa kipande cha asubuhi moja. Nahodha wao Virat Kohli alirudi nyumbani baada ya mechi hiyo, Ajinkya Rahane akashika usukani, na kabla Januari haijaisha India walikuwa wameshinda mfululizo huo 2-1 huko huko Australia.

Jioni ya kushindwa

Zungumza dakika mbili, zisizidi. Watu wamechoka, wana njaa, na wengine wanatafuta wa kumlaumu. Taja siku na saa ya mazoezi, washukuru waliofunika pichi na waliobeba mikeka, kisha waache waende. Usitaje jina la aliyedondosha kachi. Usiahidi mabadiliko yoyote. Ahadi ya jioni hiyo ndiyo itakayokubana asubuhi.

Jambo moja tu halisubiri: piga picha kurasa zote za kitabu cha alama kabla hakijaenda kwa katibu. Kitabu cha kawaida hakionyeshi kachi zilizodondoka, kwa hiyo mwombe mwandika alama, tangu mechi ijayo, aweke herufi ndogo D juu ya mpira ambao kachi ilianguka na jina la aliyeidondosha pembeni. Kalamu nyekundu inatosha.

Hesabu za kitabu

Chukua mechi nne za mwisho. Kwa ova 20, gawa kila zamu mara tatu: ova ya 1 hadi 6, ya 7 hadi 15, ya 16 hadi 20. Kwa kila kipande andika mikimbio, wiketi (wapigaji waliotolewa), mipira mikavu (isiyozaa mkimbio), na ziada (mikimbio isiyotoka kwenye bati). Fanya hivyo kwenu mnapopiga na kwenu mnaporusha. Kazi yote ni ya saa moja na nusu na karatasi mbili.

Anza na waidi (mpira uliorushwa nje mno mpigaji asiufikie), maana ndiyo pesa inayopotea bila mtu kuiona. Waidi moja ni mkimbio mmoja pamoja na mpira mmoja zaidi wa kupigwa. Timu ikirusha waidi 15, imetoa mikimbio 15 na mipira 15 juu yake, yaani ova mbili na nusu za bure. Wapinzani wakiwa wanapata 7 kwa ova, mipira hiyo inawapa kama 17 tena. Jumla 32. Ukishindwa kwa mikimbio 25 na waidi zenu zilikuwa 15, hukushindwa na wapigaji wako, hata kama kamati nzima inawatazama wao. Kwa timu ya klabu, waidi zaidi ya 8 katika ova 20 ni ugonjwa unaotaka tiba yake peke yake.

Kisha hesabu mipira mikavu. Ova 20 ni mipira 120. Timu dhaifu hukuta 65 au 70 imekauka, na hapo ndipo wapigaji hulazimika kufukuzia sita (mpira uvuke mpaka bila kugusa chini) kwenye mipira iliyobaki. Kubadili mipira mikavu 15 kuwa mkimbio mmoja mmoja ni mikimbio 15 isiyohitaji misuli ya mtu yeyote.

La tatu ni wiketi zinazoanguka pamoja. Tazama mipira mingapi ilipita kati ya wiketi moja na inayofuata. Ukikuta mara kwa mara ni chini ya 10, shida yenu ni namna mpigaji mpya anavyoanza. Vipaji huenda vipo. Tiba yake iko mbele kidogo.

Mwisho, andika kachi zilizoanguka kwa nafasi, na zilianguka ova ya ngapi. Zikiwa nyingi baada ya ova ya 14, tatizo ni uchovu au maji. Zikiwa za mtu mmoja katika nafasi moja, umempanga vibaya.

Kikosi: badilisha wawili, basi

Baada ya kushindwa vibaya, kanuni tunayoishika ni kutobadilisha zaidi ya wachezaji wawili kwa mechi moja, isipokuwa kwa majeraha au mtu kutopatikana. Mabadiliko matano yanafuta hesabu yako yote: mechi ikienda vizuri au vibaya, hutajua kwa nini. Wafunguzi wape mechi tano pamoja kabla ya kuwahukumu. Mfunguzi anayejua kwamba akishindwa leo hatacheza kesho hupiga kwa woga, na woga hutoka kwenye miguu: hasogei mbele, hasogei nyuma, anauchokoza mpira akiwa amesimama.

Ukikosa mpigaji mzuri, silika ni kuongeza mpigaji mwingine wa wastani. Fikiri mara mbili. Huko Melbourne, siku chache baada ya zile 36, Rahane hakuijaza nafasi ya Kohli kwa mpigaji tu. Alimwingiza Ravindra Jadeja, anayerusha na kupiga, akawa na warushaji watano kamili. Australia walitolewa kwa 195 zamu ya kwanza, na India wakashinda kwa wiketi nane. Timu isiyopata mikimbio mingi inahitaji zaidi kuwazuia wengine wasiipate. Katika ligi za klabu hili ni kweli maradufu, kwa kuwa mrushaji wa sita anayejua kulenga vijiti ni adimu kuliko mpigaji namba saba.

Ukimwacha mtu nje, mwambie mwenyewe, kwa sauti, kabla orodha haijaingia kwenye kundi la WhatsApp. Mpe sababu ya kriketi na jambo moja la kufanyia kazi. Kama ni mkubwa kwako kwa umri, na vilabu vyetu vina wazee waliocheza kabla hujashika bati, mfuate alipo, msalimie kama inavyostahili, na umwambie bila kuzunguka. Kumtuma kijana amwambie ni kumvunjia heshima, na utalipia msimu mzima.

Mazoezi ya timu iliyochoka

Huku kwetu giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na wengi hutoka kazini saa kumi au kumi na moja. Una dakika 90 za mwanga, pengine pungufu. Vilabu vingi huzitumia zote kwenye neti (kizimba cha kupigia), kisha kudaka kunabanwa dakika kumi za mwisho watu wakiwa hawauoni mpira. Geuza mpango huo.

Dakika 30 za kwanza ni kudaka na kurusha kwa vijiti. Kila mtu kachi 30: kumi za juu, kumi za kasi usawa wa kifua, kumi za chini karibu na majani. Malizia kwa mchezo wa timu nzima: kachi 20 mfululizo bila kuangusha, ikianguka ya 18, mnaanza moja. Hapo utaona nani anautaka mpira na nani anajificha nyuma ya mwenzake, na utajua wa kumsimamisha mpakani ova ya 19.

Dakika 30 zinazofuata ni za warushaji na tatizo lao la waidi. Chora mstari wa chokaa sentimita 89 kutoka kijiti cha kati upande wa ofu (upande wa bati la mpigaji), ndio mstari wa waidi wa mechi za ova chache. Upande wa legi (wa miguu yake) waamuzi ni wakali zaidi: mpira unaopita nje ya kijiti cha legi bila kumgusa mpigaji kwa kawaida ni waidi. Weka kiatu cha zamani au koni mita 6 hadi 7 kutoka vijiti kwa warushaji wa kasi, mita 4 hadi 5 kwa spini. Kila mrushaji arushe ova mbili huku mwenzake akisimama kama mwamuzi. Waidi moja, ova inaanza upya. Inachosha na inaudhi, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu waidi za mechi huja mtu akiwa amechoka na ameudhika. Chanzo chake cha kawaida ni mbio za kuja kurusha zisizo na kipimo. Mpimie kila mrushaji hatua zake kwa futi au kwa nyayo, aandike namba hiyo, aipime tena kila anapobadilisha ncha ya pichi.

Zilizobaki ni za kupiga, lakini si kwenye neti peke yake. Neti hudanganya: hakuna mzuiaji, kwa hiyo kila pigo linaonekana ni nne (limefika mpakani). Toka katikati ya uwanja. Wapigaji wawili, mipira 12, mikimbio 12, wazuiaji watano ndani ya duara (mstari uliochorwa kuzunguka pichi), pigo la kuvuka mpaka halihesabiwi. Jozi inayofuata inapewa hali ya mechi: mipira 18, mikimbio 20, wiketi tatu mkononi. Jozi inayoshindwa inakunja mikeka. Mazoezi ya shinikizo yasiyo na adhabu ndogo mwishoni ni michezo ya watoto tu.

Sarafu

Hapa hatutakaa sana. Kwenye pichi ya mkeka au nyasi bandia, ambazo zimejaa kwenye ligi zetu, sehemu ya kurushia haichakai sana kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo uamuzi wa sarafu unahusu vichwa kuliko udongo. Timu inayoporomoka mara kwa mara ikifukuzia, ipige kwanza. Timu ambayo wapigaji wake hawajui alama ngapi zinatosha, ifukuzie, ili namba iwe ubaoni mbele yao. Kwenye nyasi halisi yenye umande wa asubuhi, mpira utahama zaidi saa ya kwanza. Ukiwa na warushaji wa kasi wanaolenga, rusha. Msimu wa mvua za masika angalia mawingu na ujue mapema kama ligi yenu inatumia hesabu ya DLS (ya kurekebisha lengo mvua ikikatiza mechi) au inarudia mechi.

Muhimu kuliko hayo yote: toa uamuzi huo mbele ya wenzako kabla hujaenda katikati. Wasisikie kutoka kwa mpinzani kwamba mnapiga kwanza.

Mkiwa mnarusha

Simama midi-ofu, karibu na mrushaji upande wa ofu. Hapo unaweza kuzungumza na mrushaji anaporudi kwenye alama yake bila kukimbia, unaona mstari wa mpira, na sauti yako inafika pande zote. Nahodha anayesimama mpakani huongoza kwa kupunga mikono, na wapinzani wanaona kila kitu. Slipi, pembeni mwa mlinda wiketi, ni pazuri ikiwa tu mikono yako ndiyo bora kikosini.

Kumbuka mipaka ya sheria kwa ova 20: ova sita za kwanza, wazuiaji wawili tu nje ya duara, baadaye watano. Upande wa legi wasizidi watano wakati wowote, na nyuma ya mstari wa skwea (unaopita pembeni mwa mpigaji) upande huo wasizidi wawili, mbali na mlinda wiketi. Timu yenye hofu husahau hesabu hii, na noboli (mpira usio halali, wenye adhabu) ya namna hiyo inauma kuliko sita, kwani hakuna aliyeshinda nayo ila uzembe.

Kosa kubwa la nahodha aliye chini ya shinikizo ni kufuata mpira. Nne imepita kava (mbele ya mpigaji, upande wa ofu), anamhamishia mtu kava. Inayofuata inapita palipoachwa wazi. Tuliza mkono. Uliza kwanza: mpira huo ulirushwa palipopangwa? Kama haukuwa hapo, usimhamishe mtu; mrekebishe mrushaji. Kama ulikuwa pale pale palipopangwa na umepigwa mara mbili, hapo hamisha.

Mgao wa ova ndio siri nyingine. Timu zinazoshindwa huweka akiba mrushaji wao bora kwa ajili ya ova za mwisho, na mara nyingi mechi huisha kabla hazijafika. Kwa mrushaji bora mwenye ova nne, mgao wetu ni mbili ndani ya sita za kwanza, moja mpigaji wao hatari anapoingia au ova ya 12 hivi, na moja ya 18. Ova ya 18 huamua mechi nyingi kuliko ya 20, kwa sababu hadi ya 20 mara nyingi jibu limeshajulikana.

Mgao huo ubadilike mkiwa mnatetea alama ndogo. Tuseme mmepata 95. Wapinzani wanahitaji 96, chini ya 5 kwa ova. Kuwabana hakutoshi, maana watapata mmoja mmoja mpaka wafike. Mtashinda kwa kuwatoa tu. Kwa hiyo slipi mbili na gali (kando ya slipi) ova sita za kwanza, mrushaji bora ova tatu mfululizo kutoka ncha moja, wa pili wake ova tatu kutoka ya pili, wazuiaji walete karibu ili mkimbio wa haraka uwe wa hatari. Mkifika ova ya nane mna wiketi nne, endeleeni hivyo hivyo. Kwenye Kombe la Dunia la 2003 Kenya ya Steve Tikolo ilitetea 210 tu ndani ya ova 50 dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi. Collins Obuya akaachiwa ova zake 10 zote za spini, akarudisha wiketi 5 kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakaishia 157. Kumbuka pia kwamba timu hiyo hiyo ilikuwa imefungua mashindano kwa kushindwa na Afrika Kusini kwa wiketi kumi. Ilifika nusu fainali.

Mtego unaopangwa mapema una nguvu nyingine: unawapa wenzako la kutazamia. Asubuhi ya kwanza ya Melbourne, Rahane alimpa Ravichandran Ashwin, mrushaji wake wa spini, mpira mapema na kumweka Cheteshwar Pujara karibu upande wa legi. Steve Smith, mpigaji mkubwa wa Australia, akadakwa pale pale bila mkimbio hata mmoja. Klabu yako haina Ashwin, ila hata ligi ya daraja la pili ina mpigaji anayefagia (anayepiga kwa bati la mlalo, goti chini) kila spini ya kwanza. Mjue, mwekee mtu, mwambie mrushaji na mlinda wiketi, wengine wasijue.

Mrushaji akipigwa, mfikie baada ya nne ya pili. Usingoje ya nne. Swali la kumwuliza ni "Unataka nani wapi?" Maneno kama "unafanya nini?" hayajawahi kumsaidia mrushaji yeyote. Sekunde 20, watu watatu, basi. Mkutano wa watu saba katikati ya pichi ni zawadi kwa wapinzani, na unakula muda wa ova. Na kabla hujamwondoa, jaribu kumbadilishia ncha. Headingley, Uingereza, mwaka 1981, Australia wakihitaji 130 tu kushinda, nahodha wa Uingereza Mike Brearley alimhamishia Bob Willis ncha ya Kirkstall Lane arushe akisukumwa na upepo. Willis alichukua wiketi 8 kwa 43, Australia wakatolewa kwa 111. Viwanja vyetu vya pwani vina upepo wa mchana unaojulikana. Nahodha asiyejua unatoka wapi saa nane ameacha silaha nyumbani.

Wapigaji wanapoanza kuanguka

Wiketi moja ikianguka, wapigaji wawili wanaofuata wawe wameshavaa pedi. Katika T20 (mechi za ova 20) za kimataifa mpigaji mpya ana sekunde 90 kuwa tayari. Sheria za jumla zinampa dakika tatu. Ligi yako ina kanuni yake. Atoke kivulini dakika kumi kabla, macho yazoee jua. Jambo dogo, lakini wengi hutolewa na mpira wa pili wakiwa bado wanakodoa.

Mpe mpigaji mpya kazi ya mipira sita tu: mmoja mmoja, bati limenyooka, hakuna kufagia, hakuna kuvuta mpira wa nje ya ofu. Aliyekuwepo ndiye anayebeba hatari, akiwa ameshaizoea kasi. Ikianguka wiketi ya pili ndani ya ova mbili, tuma mchezaji wa akiba na glavu na maji, hata kama hakuna anayezihitaji. Shida ya kuporomoka ni kasi. Dakika moja ya kupumua inaikata. Ujumbe wa glavu uwe sentensi moja: nani kabaki na ova ngapi. Mrushaji wao bora akiwa na ova mbili, zivukeni kwa mikimbio 4 au 5 kila moja bila kutoka, kisha mshambulieni wa tano wao.

Lengo likigawanywa linapungua uzito. Mnafukuzia 140? Andika ubaoni ova tano tano: 30, 33, 35, 42. Mkibaki nyuma kwa 8 kipande cha kwanza, zigawe kwenye vitatu vilivyobaki. Anayetaka kuzirudisha zote kwenye ova ya sita ndiye anayeiua mechi.

Na kasi ya kupiga iamuliwe na lengo, jina la mchezo liwekeni kando. Juni 2024 Uganda ya Brian Masaba ilicheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza. Mechi ya kwanza Afghanistan waliwatoa kwa 58. Siku mbili baadaye waliwatoa Papua New Guinea kwa 77, Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, akirusha ova nne kwa mikimbio 4 na wiketi mbili. Wakaanza kufukuzia, wakajikuta 26 kwa wiketi tano. Riazat Ali Shah akapiga 33 kwa mipira 56, mwendo ambao mechi nyingine ungezomewa, na Uganda wakashinda kwa wiketi tatu zikibaki mipira 10. Hesabu ilimruhusu kwenda polepole, naye akaiamini hesabu.

Baada ya hapo wakatolewa kwa 39 na West Indies, kisha kwa 40 na New Zealand. Walikuwa wachezaji karibu wale wale. Kilichobadilika ni aliyesimama upande wa pili. Kwa nahodha wa klabu, hii ina maana ya vitendo: chukua ratiba ya msimu, weka alama kwenye mechi tatu au nne dhidi ya timu za kiwango chenu, na uzipangie kikosi, likizo za watu na mazoezi. Dhidi ya vinara, jipe malengo mengine: ova zote 20 mzicheze, waidi zisizidi 8, kachi zote zidakwe. Kucheza ova zote kuna faida hata kwenye msimamo. Katika hesabu ya wastani wa mikimbio, timu iliyotolewa yote kwa ova 14 huhesabiwa imecheza 20. Hizo 90 mlizopata haraka zinasomwa 4.5 kwa ova, wala si 6.4.

Makosa ya wenzako, na yako

Rahane alikuwa na 112 pale Melbourne alipotolewa kwa kukimbizwa (vijiti vikaangushwa kabla hajafika), mwenzake Jadeja akitafuta mkimbio wa kukamilisha 50 yake. Kamera zote zilikuwa kwake. Akamwendea Jadeja, akamgusa begani, akaondoka. Chumba kizima kiliona jinsi nahodha anavyopokea kosa linalomgharimu yeye mwenyewe, na hakuna hotuba inayofikia hapo.

Kwa hiyo mwili wako ni sehemu ya kazi. Kachi ikidondoka, usiweke mikono kichwani. Piga makofi mawili, rudi mahali pako, mrushie aliyeidondosha mpira ovani ile ile apate kuugusa tena. Ukaripiaji, kama unastahili, una mahali pake: siku ya mazoezi, wawili peke yenu. Isipokuwa kwa uvivu. Mtu asiyekimbilia mpira kwa makusudi aambiwe hapo hapo, mbele ya watu, awe nani.

Kundi la WhatsApp lifungwe kwa majadiliano ya mechi mpaka Jumanne. Asilimia kubwa ya ugomvi wa vilabu huandikwa usiku wa Jumapili.

Ukiwa wewe mwenyewe hupati mikimbio, usijishushe kimya kimya hadi namba nane. Wenzako watalisoma haraka. Baki mahali pako mechi tatu, mkabidhi makamu kazi zote zinazokula muda wako wa maandalizi (usafiri, chakula, ada za waamuzi), upate dakika 20 za kupiga kabla ya mechi kama wengine. Zisipobadilisha kitu, jiondoe kikosini kwa kipimo kile kile ulichowapimia wengine.

Wakati mwingine cheo ndicho mzigo. Ian Botham alijiuzulu unahodha wa Uingereza mwaka 1981 baada ya kutoka bila mkimbio zamu zote mbili pale Lord's, London. Mechi iliyofuata, ile ya Headingley, chini ya Brearley, alipiga 149 bila kutolewa. Masaba naye aliachia unahodha baada ya Kombe la Dunia. Dalili ya kuangalia ni moja: kama unakwepa kumpa mpira au nafasi mtu kwa kuogopa maneno ya kamati, na imetokea mechi mbili mfululizo, umeshaacha kuongoza.

Ukiachia, fanya hivyo kati ya mechi, si siku ya mechi, na mjulishe makamu kabla ya katibu. Mkabidhi picha za vitabu vya alama, karatasi za hesabu, vipimo vya hatua za kila mrushaji, na majina ya wapigaji wa ligi wenye tabia unazozijua: yule wa kufagia, yule anayekimbia bila kuangalia, yule asiyeweza spini inayotoka nje. Kisha katika mechi yake ya kwanza simama mbali na midi-ofu.